Ndugu yako ana VVU na kichwa hakiachi kuuma? Vipimo vya kuulizia hivi hapa

Mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, kichwa kikimuuma wiki nzima na panadol haifui dafu, usiite malaria ukamalizana nayo. Huku kwetu kanda ya ziwa malaria zimejaa, mtu anaweza akawa nayo na bado ana homa ya uti wa mgongo juu yake, kwahiyo kama kameza mseto kamaliza na kichwa kinagonga vilevile, anatapika, mwanga unamuumiza, anaona vitu viwili viwili au kaanza kuongea visivyoeleweka, mpandishe boti leo leo mwende hospitali. Na usisubiri shingo ikaze! Kwa WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wenye CD4, yaani seli za kinga, za chini shingo inaweza kuwa laini kabisa na ugonjwa umeshakolea.

Mkifika, iwe hospitali ya wilaya, Sekou Toure au Bugando kule Mwanza, mwambie dokta mapema kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa za VVU (ARV) au aliziacha. Najua mashemeji wamesimama hapo na hawajui kitu, basi mvute dokta pembeni. Kadi ya CTC (kliniki ya VVU) kama imebaki kambini Ukerewe we sema kwa mdomo tu, maana asipojua hilo vipimo vyenyewe huenda visiombwe.

Cha kwanza kuulizia ni CrAg. Hiki hakihitaji mashine, ni kakipande kama kale ka kupimia mimba, tone la damu au maji ya mgongo na dakika 10 una jibu, kinatafuta fangasi anaitwa kriptokokasi. Kikisoma chanya kwenye damu na mtu ana dalili, lazima watake kutoa maji ya mgongo wajue kama fangasi kafika kichwani.

Hapo ndo familia nyingi zinagoma. Eti akichomwa mgongo atapooza, eti fulani alichomwa akafa. Jamani, sindano inapita chini karibu na usawa wa kiuno, uti wenyewe kwa mtu mzima umeishia juu zaidi, na hayo maji mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwahiyo mililita 10 zinarudi ndani ya nusu saa hivi. Wengi waliokufa "baada ya sindano" walikuja wamechelewa. Ila kama ana degedege, upande mmoja umelegea au hajitambui, dokta anaweza kutaka CT scan ya kichwa kwanza, msimuone anazungusha.

Sasa GeneXpert, maana TB nayo inaleta homa ya uti wa mgongo. Mashine hii inasaka vinasaba vya TB moja kwa moja, WHO walikubali kipimo chake kipya cha Ultra mwaka 2017, na ndani ya mashine ni kama saa moja na nusu tu. Lakini kwenye maji ya mgongo vijidudu vya TB ni vichache mno, kwahiyo kinachoamua ni wingi wa maji. Mililita moja ni kama kubahatisha, sita kwenda juu ndo maabara wanaweza kuyazungusha kwenye sentrifuji wakapima mashapo ya chini. Uliza bila woga, "dokta, maji ya TB yametosha?" Na kama umepewa kichupa upeleke maabara wewe mwenyewe (inatokea sana), nenda moja kwa moja, usipitie kantini.

Jibu likija hasi msishangilie. Hasi ya GeneXpert haiondoi homa ya uti wa mgongo ya TB, dokta akisema anaanzisha dawa za TB kwa dalili tu mkubalieni. Likija "trace", yaani wameona chembe tu, kwa mtu mwenye VVU hiyo inahesabika ni TB, ila haiwezi kusema kama dawa ya TB ya rifampisini itafanya kazi.

Kuna pia paneli ya BioFire, saa moja inapima vimelea 14, bakteria, virusi na huyo fangasi. Ni ghali, alafu TB haimo kabisa, na kriptokokasi saa nyingine inamkosa, kwahiyo hata ukiipata mahali CrAg ipimwe tu.

Fangasi akithibitika wakitaka kumtoa maji tena kesho yake, mruhusuni, presha ya kichwani ndo inayomtesa na hayo maji yakipungua anapata nafuu. Na kama alikuwa ameacha ARV, msimrudishie kimyakimya wodini kwa huruma, kwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi zinasubiri wiki 4 mpaka 6 baada ya kuanza matibabu, kwa TB nayo zinasubiri kwanza, tarehe atawapa dokta.