Kupanga mahali pa sanaa ya nje katikati ya Mombasa

Miradi mingi ya sanaa ya mjini huanza na mchoro: msanii ana wazo, mfadhili kalipenda, ndipo ukatafutwa ukuta. Kwa Mombasa huo ni mwanzo mbaya. Mahali pachaguliwe kwanza, kisha mahali penyewe paseme panataka kazi gani.

Teueni sehemu tatu au nne: tuseme Mapembeni, penye sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue karibu na bustani ya Uhuru, Treasury Square, au njia ya kutoka soko la Marikiti kuingia Mji wa Kale. Kila moja iendeeni mara nne: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, Ijumaa watu wakitoka msikitini, na usiku baada ya isha. Andikeni kivuli kiko wapi, nani ameketi, mikokoteni inapita wapi. Penye watu walioketi, hata kama ni kwenye ukingo wa mtaro, pana mradi. Palipo patupu kutwa pana sababu: jua, harufu ya maji machafu, au giza. Sanamu haiondoi hata moja katika hizo.

Kazi ikishawekwa, ibaki njia ya mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vipishane. Penye mikokoteni acheni mita 2.5. Hamali mwenye mzigo hawezi kukwepa ghafla, na kona ya msingi wa sanamu iliyochomoza njiani itagongwa mpaka imeguke.

Jengeni baraza. Ni samani ya mji huu tangu zamani, na bila baraza watu watapita tu. Kimo kiwe sentimita 40 hadi 45, kina 45 hadi 50, na sehemu ya kukalia iteremke sentimita moja kuelekea nje ili maji ya mvua yasituame. Kivuli cha alasiri huangukia mashariki ya ukuta, kwa hiyo baraza likae upande huo. Kama hakuna ukuta, pandeni mkungu au mwarobaini mwaka huohuo, msingoje sanaa imalizike.

Ruhusa

Ulizeni ardhi ni ya nani na ukuta ni wa nani. Mara nyingi ni majibu mawili tofauti. Kwa eneo la umma mnaanzia kwa kaunti. Ukingo wa barabara una mamlaka yake. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo kule hata rangi ya ukuta ipitie kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Idhini ya mchoro wa rangi nyingine muipate kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya wakfu, mpangaji hana uwezo wa kuruhusu. Nendeni kwa msimamizi wa wakfu. Mkataba na mwenye jengo uwe wa miaka mitano angalau, useme nani anatengeneza kikiharibika kitu na itakuwaje jengo likiuzwa.

Ukuta wenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuta za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hupumua: maji huingia na kutoka. Ukizipaka rangi ya plastiki, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, na ngozi yote inabambuka kwa vipande, mara nyingine pamoja na lipu. Kuta hizo zinataka chokaa iliyotiwa rangi za udongo, au rangi ya silikati. Chokaa ipakwe ukuta ukiwa na umajimaji na kivulini, mikono (yaani matabaka) minne au mitano myembamba. Mkono mmoja mzito utapasuka.

Kwa ukuta wa simiti, ngojeni siku 28 baada ya lipu mpya. Mkiharakisha, ukali wa simiti hula rangi. Kisha jaribuni unyevu: bandikeni nailoni angavu ya nusu mita kila upande, zibeni kingo zote kwa selotepu, muiache mpaka kesho yake. Mkiona matone ndani, ukuta bado. Tafuteni gata iliyovunjika au bomba linalovuja kabla ya kununua rangi. Unga mweupe wa chumvi uswakwe kwa brashi kavu. Ukioshwa kwa maji huyeyuka na kurudi ndani.

Hesabu ya rangi: kwenye lipu ya mkwaruzo lita moja hufunika mita za mraba saba hivi. Ukuta wa mita 4 kwa 10 unakula lita sita kwa mkono mmoja, yaani lita 12 kwa mikono miwili ya rangi ya msingi pekee. Kuta zinazotazama mashariki na magharibi hupauka upesi kuliko nyingine. Huko tumieni nyekundu na manjano za udongo, kwani zile kali za kiwandani ndizo hufa mwanzo. Pakeni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, kabla ya masika au vuli, na mpumzike jua likiwa utosini.

Sanamu na vyuma

Zile pembe za Moi Avenue ni za alumini, na hilo ni somo tosha. Chuma cha kawaida karibu na bahari huliwa kuanzia kwenye maungio. Chukueni alumini, au stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 316. Ile ya 304 hutoka madoa ya kutu. Msifunge alumini kwa bolti za chuma bila washa ya plastiki katikati, kwa sababu metali mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja huila nyingine. Nondo za msingi zifunikwe na simiti ya milimita 50. Pasiwe na kona ya ndani inayoshika maji. Toboeni tundu la kuyatoa.

Watu wa hapo

Rasimu ipelekwe barazani kabla haijapelekwa ofisini. Kaeni na wazee wa mtaa, imamu, wenye maduka, mama wa mahamri na muuza kahawa. Swali lenye faida ni hili: nini kisiguswe? Maandishi matukufu yasiwekwe sakafuni wala karibu na jaa. Sura ya mtu mbele ya msikiti huleta ugomvi ambao mkutano mmoja ungeuepusha. Muuza kahawa mwachieni nafasi yake: ndiye atakayekuwapo usiku, na hakuna mlinzi bora.

Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti kwa matunzo, katika akaunti ya peke yake. Vyuma vioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila mwezi, na wakati wa kusi kila wiki mbili kwa vinavyotazama bahari. Kila rangi wekeni lita moja ya akiba, na namba yake ya kuchanganyia iandikwe kwenye faili, siyo kwenye mfuniko wa mkebe, maana mfuniko utashika kutu.