Namna ya Kuhesabu Ndege Wahamaji wa Ufukweni Dar es Salaam

Kuanzia Septemba hadi Aprili, matope na mafungu ya mchanga ya Dar es Salaam, toka Kunduchi hadi Mto Msimbazi unapoingia baharini kwenye Daraja la Salender, huwalisha vitwitwi na sululu, ndege wa kando ya maji, waliozaliwa kaskazini ya mbali, baadhi yao Siberia. Machoni pa mpima viwanja, mahali hapo ni tope tupu. Hesabu iliyoandikwa vizuri na kurudiwa mwaka hadi mwaka ndiyo ushahidi kwamba tope hilo lina wenyewe.

Siku ichaguliwe kwa kufuata bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji yakipwa ndege hutawanyika na hawahesabiki, lakini yanapojaa husukumwa taratibu hadi kwenye mchanga wa juu, mikoko au kingo za mabwawa ya chumvi, wakasimama pamoja kupumzika. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi jioni, jambo linalofaa sana kwa kuwa jua liko mgongoni mwa anayetazama baharini. Hakikisha saa kwenye jedwali la kupwa na kujaa, kisha ufike mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Kama una nafasi ya siku moja tu kwa mwaka, iwe ya Januari, mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi kwa pamoja.

Kundi dogo lihesabiwe mmoja mmoja. Likiwa kubwa, hesabu kumi kwanza, uone nafasi waliyoichukua, halafu upime kundi lote kwa makumi hayo. Rudia ukianzia upande wa pili, na hesabu zikipishana sana ufanye ya tatu. Sululu hakupi shida: mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini, na akimnasa kaa humtikisa kwa nguvu mpaka miguu ing'oke, ndipo ammeze. Yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, Dromas ardeola, hatoki Siberia. Huzaliana ndani ya mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Uarabuni na Pembe ya Afrika. Wanaosumbua ni vitwitwi wadogo. Usiowatambua uwaandike hivyo hivyo, "vitwitwi wadogo", kwani jina la kukisia huharibu hesabu ya siku nzima.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutowarusha. Vichwa vikiinuka na kundi likaanza kutembea kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma. Machi na Aprili wanajiwekea mafuta ya safari, na kila wanaporushwa huyapunguza.

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji na usumbufu ulioushuhudia. Siku usiyoona ndege nayo iandikwe. Rekodi ziweke eBird, tovuti ya kimataifa ya kumbukumbu za ndege, kwa sababu Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, ambao Tanzania ni mwanachama tangu mwaka 2000, hutambua ardhioevu inayohifadhi mara kwa mara asilimia 1 ya idadi yote ya jamii fulani ya ndege wa majini, na asilimia hiyo haipatikani bila hesabu. Ukiona vifusi vinamwagwa au mikoko inakatwa, peleka nakala ya hesabu na picha kwa serikali ya mtaa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ukitaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.