Rejeta inavuja? Badilisha mwenyewe nyumbani, ila kwanza hakikisha ni rejeta kweli

Kufungua rejeta ya zamani na kufunga mpya, kazi yenyewe wala sio ngumu, ni bolti kadhaa, mipira miwili mitatu na soketi ya feni, mtu mwenye subira anamaliza ndani ya nusu siku. Watu wanaharibu sehemu mbili tu. Ya kwanza ni mwanzoni kabisa, wanaponunua rejeta mpya kumbe kinachovuja sio rejeta, na ya pili ni mwishoni, wanajaza maji, wanabana mfuniko, wanaondoka na hewa imejaa kwenye injini. Kwa iyo nitakaa sana kwenye hayo mawili, pale katikati tutapita haraka haraka.

Usianze na spana, anza na tochi. Gari ikiwa imelala usiku kucha na injini imepoa kabisa, fungua boneti ukague. Kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, ikivuja na kukauka huwa inaacha alama, unga unga mweupe au wenye rangi ya kulanti yenyewe, kijani, nyekundu, bluu, inategemea umeweka ipi. Fuata hiyo alama kwenda juu, maana maji yanashuka hayapandi, ndo utafika kwenye chanzo. Tone unaloliona sakafuni linadanganya sana, maji yanaweza kutokea kwenye mpira wa juu, yakatambaa na kava la feni, yakadondokea upande mwingine kabisa na wewe ukaanza kulaumu kitu ambacho hakina kosa.

Rejeta nyingi za magari ya sasa katikati ni alumini na matanki yake ni plastiki, yamebanwa kwa vimeno vya alumini alafu katikati kuna mpira wa kuzuia maji. Hapo kwenye maungio ndo zinapofia nyingi. Plastiki inapata moto na kupoa, inapata moto na kupoa, miaka inaenda, inakauka, inageuka rangi ya kahawia, siku moja inapata ufa mwembamba kama unywele. Sasa huo ufa gari ikiwa ya baridi unaweza usiuone ukivuja hata tone, presha ikipanda ndo unafunguka. Ndo maana unakuta mtu anaapa rejeta yake nzima kwa sababu asubuhi ni kavu, ila kila akitoka safari maji yamepungua.

Ila kuna washukiwa wengine uwamalize kwanza. Klipu imelegea. Mpira umepasuka, hasa kwa chini ambako huuoni. Wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke kwenye injini, hii ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili yake ikichoka maji yatokee hapo, ukiona alama chini ya pampu basi hata usiiguse rejeta. Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliochoka nao unapoteza maji kimya kimya. Kuna rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi, hiyo utaijua kwa kapeti ya mbele kulowa na kioo kushika ukungu wenye harufu tamu tamu. Na kama maji yanapungua lakini huoni tone popote, angalia eksozi kama inatoa moshi mweupe mzito usiokata hata injini ikishapata moto, alafu fungua mfuniko wa oili uone kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Ukiviona hivyo shida inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, na hapo hata uweke rejeta tatu mpya gari itachemsha tu.

Ukiweza kuazima pampu ya kupimia presha, azima. Inafungwa pale pa mfuniko injini ikiwa imezimwa na imepoa, unapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe, alafu unasubiri dakika kadhaa uone mshale kama unashuka. Ukishuka, zunguka na tochi, utaona penyewe panapotoka maji.

Wale wa dawa za kuziba, zile unazomwaga kwenye rejeta na tatizo linaisha, mimi sio mpenzi wake. Zinaweza kukufikisha nyumbani, sibishi, ila dawa inayoziba tundu haijui lipi ni tundu na ipi ni njia ya maji, na vile vinjia vya rejeta ya hita ni vyembamba sana.

Haya, umejiridhisha ni rejeta. Kabla hujafungua chochote iweke mpya mbele ya gari ulinganishe na unachokiona ndani: urefu na unene, midomo ya mipira iko upande gani na ni minene kiasi gani, vishikizo vya feni, vile vijiti vya chini vinavyokaa kwenye bushi, yaani vimpira vya kuikalisha rejeta. Na kama gia boksi ni ya oto, angalia kama rejeta yako ina mabomba mawili ya mafuta ya gia yanayoingia kwenye tanki, maana magari mengi ya oto hupoza mafuta ya gia humo humo. Modeli moja ya gari inaweza kuwa na rejeta ya manyuo na ya oto, kwa nje mapacha, sasa wewe ugundue hilo wakati ya zamani ishatoka na kulanti ishamwagika...

Vifaa ni vya kawaida: boksi spana, namba 10 na 12 zitafanya kazi kubwa kwenye magari mengi, bisibisi, plaizi, beseni pana, glavu, matambara, na kulanti. Nunua na klipu mpya. Mipira nayo ukiibonyeza ikawa migumu kama mti au laini kama imeoza, badilisha sasa hivi, usisubiri kuja kumwaga tena maji yale yale baada ya mwezi.

Jambo la usalama nalisema mara moja tu: usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Mfumo unafanya kazi kwa presha, mifuniko mingi inashikilia karibu ba 0.9 mpaka 1.1, na ndani ya hiyo presha maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua presha inaondoka ghafla, yale maji yanageuka mvuke palepale na yanakurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu uushike kwa mkono bila kushtuka, ukiubonyeza uwe umelegea. Kingine, chomoa tamino ya hasi ya betri, kwa sababu kuna magari feni yake ya umeme inaweza kujiwasha hata swichi ikiwa imezimwa, na vidole vyako vitakuwa hapo hapo.

Weka beseni chini, fungua mfuniko wa juu, alafu legeza taratibu kile kizibo cha chini cha rejeta. Kizibo mara nyingi ni plastiki, kinafunguka kwa mkono, kikigoma usikipige nyundo, chomoa tu mpira wa chini uwe tayari kulowa. Usitegemee maji yote yatoke, mengine yanabaki kwenye bloku ya injini. Pima yaliyotoka uandike, utahitaji hiyo namba baadae. Na usiache beseni wazi: kulanti nyingi zina ethilini glaikoli ambayo ni tamu na ni sumu, mbwa anailamba vizuri tu, na mtoto pia anaweza. Mimina kwenye dumu, funika, andika ni nini, uipeleke wanakopokea mafuta machafu na kemikali, usimwage mtaroni.

Mipira ikigoma kutoka usivute kwa hasira, ule mdomo wa plastiki ukikatika upande wa injini umejiongezea kazi. Sogeza klipu nyuma, shika mpira uuzungushe kushoto kulia mpaka uachie, ndo uvute. Kama unaweka mpya, upasue tu kwa kisu kwa urefu. Mabomba ya mafuta ya gia, kama yapo, weka chombo kingine chini, shika nati ya upande wa rejeta kwa spana moja na ya bomba kwa spana nyingine yasijipinde, na ukishachomoa ziba ncha zisiingie mchanga. Ukikuta mafuta ya gia yamekuwa ya pinki yenye povu, simama. Hiyo inamaanisha kipozeo cha ndani kimetoboka, maji yameshaingia kwenye gia boksi, na hilo ni tatizo kubwa kuliko rejeta, mpe fundi wa gia boksi kwanza.

Chomoa soketi ya feni, fungua bolti za kava, kwenye magari mengi feni na kava vinatoka pamoja kwa juu. Fungua vishikizo viwili vya juu vya rejeta, inyanyue wima kutoka kwenye bushi zake. Hapa kuwa makini na kondensa ya AC iliyo mbele yake. Kwenye baadhi ya magari imefungwa kwenye rejeta yenyewe, unaitenganisha na kuifunga kwa kamba ibaki palepale, mabomba yake usiyafungue hata kwa bahati mbaya, ndani kuna gesi yenye presha kubwa. Kata boksi la karatasi uweke katikati, vile vipezi vya alumini vinajikunja hata ukivigusa na kidole.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Hakikisha bushi za chini zipo na nzima, maana rejeta inatakiwa ielee kwenye mpira, ikikaa chuma kwa chuma mtikisiko utaipasua mapema. Mdomo wa mpira upite ule uvimbe ulio kwenye mdomo wa rejeta, alafu klipu ikae nyuma ya uvimbe, sio juu yake na sio nchani. Bana imara lakini kumbuka unabana kwenye plastiki. Zungusha feni kwa mkono uone haigusi kitu, rudisha tamino.

Sasa kulanti. Rangi isikuchanganye, rangi sio kipimo cha aina, kila mtengenezaji anapaka anavyotaka. Angalia kitabu cha gari kinataka aina gani, na usichanganye aina mbili usizozijua, zingine zikikutana zinaganda kama mlenda. Ukinunua ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, ya kiwandani, yale wanayoita distildi, sio ya bomba, ya bomba yana madini yanayojenga magamba humo ndani. Ile iliyoandikwa iko tayari usiiongeze maji. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli unachemka kwenye nyuzi kama 107 hata bila presha, na hauwi barafu mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, kwa iyo hata wanaosema huku kwetu hakuna baridi wanaihitaji, na pia inazuia kutu.

Na hapa kwenye kutoa hewa ndo mimi niliumbuka. Mara ya kwanza nilijaza mpaka mdomoni, nikabana mfuniko, nikawasha, kila kitu safi, nikaenda mzunguko wa kujipongeza. Dakika kumi hazijaisha mshale wa temperecha unapanda, nikawasha hita inapuliza upepo wa baridi. Injini inachemka alafu hita ya baridi! Hiyo ni dalili kwamba ndani kuna fuko la hewa, maji hayazunguki. Nilisimama, nikazima, nikakaa pembeni ya barabara kusubiri ipoe huku najifanya naongea na simu.

Kwa iyo we fanya hivi. Pua ya gari iwe juu kidogo, paki kwenye mwinuko, hendibreki juu na matairi umeyawekea vizuizi. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Mimina kulanti polepole huku ukiminya minya mpira wa juu, utaona mapovu yanatoka na kiwango kinashuka, ongeza tena. Kama gari ina skrubu ya kutolea hewa karibu na themostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ilegeze mpaka itoke kulanti tupu bila povu, ndo ubane. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache iungurume bila kukanyaga mafuta. Kwa mda hutaona kitu, themostati bado imefunga, nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, ikifunguka kiwango kitashuka ghafla na mpira wa chini utaanza kupata joto. Ongeza. Ngoja feni iwake na kuzima mara mbili, hita ipulize moto kweli kweli, mshale utulie mahali pake. Maji yakianza kupanda na kutaka kumwagika, usiinamie. Bana mfuniko, jaza tanki la akiba mpaka alama. Wenye gari ambazo mfuniko upo kwenye tanki na sio kwenye rejeta, mambo ni yale yale, unajazia hapo, ila soma kitabu chako, magari mengine yana utaratibu wake wa kutoa hewa.

Linganisha ulichoweka na ile namba uliyoandika. Ilitoka lita 5 ukaweka 3 na nusu? Hewa bado ipo, rudia. Ila kama gari ilikuwa imepungukiwa tangu kabla, itaingia zaidi ya ile iliyotoka, hilo ni kawaida. Wa oto wacheki na mafuta ya gia, kiasi kidogo kilimwagika kwenye yale mabomba.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, ukiwa na dumu la maji kwenye buti na jicho kwenye mshale. Asubuhi injini ikiwa imepoa angalia tanki la akiba, likiwa limeshuka kidogo ongeza, vipovu vya mwisho vinaendelea kutoka. Asubuhi ya pili linaweza kushuka tena kidogo sana. Asubuhi ya tatu likishuka, chukua tochi.