Kuunganisha visoma kadi vya zamani na mfumo mpya wa milango, hatua kwa hatua

Kwenye viwanda vya chai Mufindi, maghala ya mazao Uyole au hosteli za vyuo Iringa, hali ni moja: kisoma kadi cha mlangoni bado kizima, ila kidhibiti chake (kifaa kinachoamua mlango ufunguke au la) kimekufa, au programu yake haikubali kompyuta yoyote mpya kuliko Windows XP. Mwenye mali anataka mfumo wa mtandao, lakini hataki kung'oa kila kitu, na kebo zenyewe zimezikwa chini ya zege. Mara nyingi ana hoja. Nenda kwa mpangilio huu, na kigeuzi, yaani kifaa cha kutafsiri lugha ya kisoma kwa mfumo mpya, kiwe kitu cha mwisho kununua.

Hatua ya 1: Jua kifaa kinaongea nini

Usiamini rangi za nyaya. Kwa Wiegand, njia ya zamani ya kutuma namba ya kadi kwa nyaya mbili za data (D0 na D1), kijani ni D0 na nyeupe ni D1, lakini fundi aliyekutangulia huenda aliunga kwa waya aliokuwa nao mfukoni. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya umeme wa kisoma, kisha pima nyaya za data kikiwa kimetulia, bila kadi.

Nyaya mbili zenye takriban volti 5 kila moja: karibu hakika ni Wiegand. Kadi ikipita, volti zinashuka kwa kitambo kifupi mno, makumi machache ya sehemu za milioni ya sekunde, kwa hiyo multimita haitaona kitu. Tumia osiloskopu, au bodi ndogo ya Arduino ihesabu mapigo.

Waya mmoja ukionyesha volti hasi, kati ya 5 na 12, hiyo ni RS-232, mawasiliano ya siriali ya masafa mafupi. Nyaya mbili zenye volti chache kila moja na tofauti ndogo kati yao ni RS-485, siriali ya masafa marefu.

Umbali nao unasema. RS-232 ilikusudiwa mita 15 hivi, Wiegand mita 150, RS-485 mita 1200. Ukikuta RS-232 imevutwa mita 60 na inafanya kazi, shukuru, lakini usijenge mfumo mpya juu yake.

Hatua ya 2: Amua kama kigeuzi kinahitajika

Kama ni Wiegand, tazama kidhibiti kipya kwanza. Vingi bado vina matundu ya Wiegand na huhitaji kununua chochote. Kinachosumbua ni namba. Muundo wa biti 26 una biti 8 za namba ya eneo (0 hadi 255), biti 16 za namba ya kadi (0 hadi 65535) na biti mbili za ukaguzi, moja kila upande. Mfumo mmoja huonyesha sehemu hizo mbili kando kando, mwingine huziunganisha kuwa namba moja ndefu, na mfanyakazi anaambiwa kadi yake haijulikani. Toa orodha ya kadi kwenye mfumo wa zamani kabla hujauzima.

Wiegand husafirisha namba wazi, bila usimbaji wowote. Viko vigeuzi vya kuipeleka kwenye OSDP, itifaki (lugha ya mawasiliano) inayopita juu ya RS-485 na iliyofanywa kiwango cha kimataifa cha IEC mwaka 2020. Ukitumia, kifunge karibu kabisa na kisoma, upande wa ndani wa ukuta: kipande cha waya kilicho kabla ya kigeuzi kinabaki wazi vile vile.

Kisoma cha RS-485 ndicho kinachodanganya watu. RS-485 ni barabara tu, haikuambii lori limebeba nini. Kama mtengenezaji hakutoa maelezo ya itifaki yake, kidhibiti cha kampuni nyingine hakitaelewa neno. Hapo mimi humshauri mteja abadilishe kisoma chenyewe aweke cha OSDP, na kebo ya zamani ibaki: nyaya mbili za data, mbili za umeme. Ni nafuu kuliko kumlipa fundi wiki nzima akibahatisha maana ya baiti.

Hatua ya 3: Safisha laini

Kama laini ni ya RS-485, zima umeme, pima ukinzani kati ya nyaya mbili za data. Ohm 60 hivi maana yake kuna rezista ya ohm 120 kila mwisho, kama inavyotakiwa. Ukipata 120, moja imepotea. Ukipata 40, mtu ameongeza ya tatu katikati, itoe. Laini ipite kifaa hadi kifaa, isitawanyike kama matawi.

Washa, pima tena laini ikiwa kimya. Tofauti ikiwa chini ya volti 0.2, laini inaelea: weka rezista ya ohm 560 kutoka waya chanya wa data kwenda volti 5, na nyingine kutoka waya hasi kwenda sifuri, mahali pamoja tu kwenye laini. Ukikosa mawasiliano kabisa, geuza A na B, yaani nyaya mbili za data. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kugeuza hakuunguzi kitu.

Sasa radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu ndiyo inayoua bandari za siriali. Majengo mawili yenye ethi tofauti yakiunganishwa kwa waya wa data, radi ikipiga jirani tofauti ya volti hupita humo, wakati RS-485 inavumilia kati ya hasi 7 na chanya 12 tu. Tumia kigeuzi chenye utenganisho wa umeme, weka kinga ya radi pande zote mbili, na foili ya kebo iende kwenye ethi upande mmoja. Kati ya jengo na jengo, kama bajeti inaruhusu, vuta faiba.

Makete na Njombe ongeza jambo moja: baridi ya Juni na Julai hutia unyevu ndani ya boksi. Kebo ziingilie chini, si juu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme

Waya wa Cat5 una takriban ohm 9 kwa mita 100. Kisoma kilicho mita 80 kinakula ampia 0.2: kwenda na kurudi ni mita 160, ohm 14 na kidogo, unapoteza karibu volti 3. Volti 12 zinafika zikiwa 9. Taa itawaka, lakini kisoma kitajizima kikilia. Unganisha nyaya mbili mbili, upotevu unapungua nusu.

Kwenye kufuli ya umeme weka dayodi ya 1N4007 kinyume, la sivyo cheche zake zitavuruga data.

Hatua ya 5: Kigeuzi cha siriali kwenda mtandao

Linganisha kasi na kifaa, kwa kawaida 9600, biti 8, bila biti ya ukaguzi, biti moja ya kituo. Ongeza muda wa kusubiri jibu kwenye programu. Kisha weka kigeuzi kikusanye ujumbe mzima kabla ya kuutuma. Kikiukata vipande viwili, programu itadhani umeharibika. Kiweke kwenye mtandao wake peke yake: vingi havidai nywila kwenye bandari ya data, na mtu yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya wageni angeweza kuzungumza na mlango.

Uamuzi wa kufungua ubaki kwa kidhibiti kilicho karibu na mlango, chenye betri yake.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kukata

Chomoa waya wa mtandao, pitisha kadi. Zima umeme wa TANESCO, pitisha kadi. Halafu bonyeza kitufe cha dharura: lazima kikate umeme wa kufuli ya sumaku moja kwa moja, bila kupitia kigeuzi wala programu. Mlango usipofunguka papo hapo, usikabidhi kazi.