Kuvuna uyoga mkubwa wa mchwa katika miombo ya Katanga

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumfundisha mpwa wangu kuvuna Termitomyces titanicus, uyoga ambao kofia yake huweza kukaribia mita 1 kwa upana, na ambao ulipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia.

Hatua ya 1. Mvua zikishakolea, kagua maeneo ya vichuguu asubuhi na mapema.

Hatua ya 2. Chimba, usivute wala usikate. Uyoga huu hukua juu ya masega ambayo mchwa huyajenga chini ya ardhi kwa mabaki ya majani na miti, hivyo shina lake huendelea chini kama mzizi mrefu. Mara ya kwanza mpwa wangu aliukata kwa panga usawa wa udongo, tukapoteza mchana mzima tukifukua kutafuta shina lililobaki, na tulipolikosa tukautupa wote. Sikujutia uamuzi huo. Amanita zenye sumu kali, ambazo ni uyoga wa jamii nyingine, huwa na mfuko unaofunika kitako cha shina, na mfuko huo hubaki ardhini ukikata juu. Pete iliyo kwenye shina haithibitishi lolote, kwa kuwa uyoga huu unayo na baadhi ya Amanita zinayo. Tumia kijiti kigumu kilichochongwa, kwa sababu jembe hukata mzizi kabla hujauona, na ukiona mfuko, au mzizi ukikosekana, acha. Sumu ya Amanita hizo haiondolewi kwa kuchemsha wala kukausha, na mgonjwa huweza kukaa saa 6 au zaidi bila dalili huku ini likianza kudhurika.

Hatua ya 3. Laza kipande cha kofia juu ya karatasi nyeupe, kifunike kwa bakuli hadi asubuhi, kisha tazama rangi ya unga uliodondoka. Unatakiwa uwe wa waridi hafifu. Ukiwa wa kijani, huenda ni Chlorophyllum molybdites, ambao huleta kutapika na kuharisha vikali.

Hatua ya 4. Beba kwa kikapu. Ndani ya mfuko wa plastiki uyoga hutoa jasho na kuoza upesi.

Hatua ya 5. Futa udongo, chana vipande, pika mpaka uive kabisa. Anayeula kwa mara ya kwanza aanze na kiasi kidogo, na mzizi mmoja mzima uhifadhiwe hadi kesho yake, ili ukaguliwe iwapo ataugua.