Maji moto ya nyumba nzima kwa jiko la kuni, bila kujilipua

Wadau wa Arusha na Moshi, baridi ya Juni na Julai mnaijua wenyewe, kuanzia Ngaramtoni mpaka kule juu Machame na Marangu maji ya bomba asubuhi hayashikiki, na ukisema uwashe hita ya umeme uniti za luku zinaisha unaziangalia. Kuni tunazo, migrevilea ipo na matawi ya mibuni yakishapogolewa yanakauka tu pale, jiko linawaka toka alfajiri, kwahiyo wengi wanaona bora fundi azungushe koili ya bomba ndani ya jiko maji yaende bafuni yenyewe. Na inafanya kazi vizuri sana. Shida ni kwamba mafundi bomba wengi wamezoea maji ya baridi, na mazoea ya maji ya baridi ni kufunga funga, huku koki kule geti valvu, hapo ndo hatari inapoanzia.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inatanuka mpaka zaidi ya lita 1,600. Hita ya umeme ina kitu cha kuizima ikishapata moto, kuni hazina, zinaendelea kuchochea tu. Mvuke ukikosa pa kutokea koili inapasuka, na inapasukia jikoni ambako watoto wamekaa wanaota moto. Kwahiyo kabla hujanunua hata soketi moja mwambie fundi: kati ya koili na hewa ya nje sitaki koki yoyote. Atakwambia ni ya kurahisisha matengenezo. Kataa.

Tanki la maji moto likae juu kuliko jiko, maji moto yanapanda yenyewe bila pampu. Bomba la juu la koili liingie tanki sehemu ya juu, la chini litoke kitakoni mwa tanki lirudi kwenye koili. Hilo la maji moto lipande mfululizo, lisipande halafu lishuke tena, hewa itanasa pale juu na maji yatagoma kuzunguka. Karibu na jiko tumia bomba la chuma au kopa, robo tatu au inchi moja, bomba za plastiki (PPR na PVC) zikae mbali kabisa. Halafu kumbuka lita 200 ni kilo 200, bado uzito wa tanki lenyewe, usiliweke kwenye mbao za dari eti zinaonekana imara, jenga nguzo au ukuta wa tofali.

Juu kabisa ya tanki toa bomba la kupumulia, lipande kupita usawa wa kitanki cha kulisha (kile chenye floti, kinachopokea maji ya bomba na kulijazia tanki), mdomo wake ukunjwe uangalie ndani ya hicho kitanki. Usiunge bomba la mtaani moja kwa moja kwenye tanki la maji moto. Sefti valvu (ya kuachia presha ikizidi) ukiweka sawa, ila ni ya kuongezea tu, bomba la kupumulia lazima liwepo.

Sasa mgao wa maji, huu ndo unaumiza watu. Bomba la kwenda bafuni litoke juu ya tanki, sio chini, ili hata maji yakikatika mkaoga mpaka mwisho koili ibaki na maji. Ikitokea imekauka na moto unawaka USIJAZE MAJI, yakigusa chuma chekundu yanageuka mvuke papo hapo. Vuta kuni nje, acha jiko lipoe kabisa ndo ujaze. Ukisikia bomba linagonga ko ko ko maji yamezidi moto, punguza kuni, fungulia koki ya maji moto bafuni mpaka litulie (simama pembeni, yanatoka na mvuke). Na usisubiri nyuzi 100, Arusha mjini kwa mwinuko wa kama mita 1,400 maji yanachemka kwenye 95 hivi.

Maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, mtoto ndo usiseme. Kwenye beseni anza na baridi kila siku, moto yafuate, na mtoto asiachiwe koki.

Jiko liwe na dohani inayotoka nje ya paa, usilihamishie chumbani kisa baridi, hewa ya sumu ya moto (kaboni monoksaidi) haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Jingine, kwa wale wa upande wa Meru ambako maji yana floraidi nyingi, hayo ya kwenye tanki ni ya kuoga na kuosha vyombo. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki imekolea zaidi, kwahiyo usijaze chupa ya chai humo ukadhani yameshakuwa salama.