Kununua Subaru WRX STI ya mtumba: kagua injini kabla ya rangi

Anza na namba. Impreza za 2000 hadi 2007, ambazo STI ndiyo toleo lake kali zaidi, zinafanana mno kwa nje, na bawa la nyuma, beji ya waridi na boneti yenye pua huuzwa kama spea nyingine yoyote. Fungua boneti usome kibati cha modeli. Herufi za mwanzo zikiwa GDB, hiyo ni STI ya sedani. GDA ni WRX ya kawaida: ina tabo na inakimbia, lakini giaboksi yake ya gia 5 ni dhaifu na bei yake lazima iwe chini. GD2 na GD3 ni injini ya 1.5 isiyo na tabo. Ukiambiwa hiyo ni STI, aga uondoke. Toleo lililofuata, sedani ya STI ni GVB, na kuanzia 2014 ni VAB. GVF ni injini ya 2.5 yenye gia otomatiki, na VAG ni WRX S4 yenye injini ya FA20 na CVT, yaani giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua. Si magari mabaya, ila usiyalipie bei ya STI. Kisha linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kibati na ya kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, hakuna mazungumzo tena.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila GDB inayouzwa Nairobi leo imeshaishi hapa miaka mingi. Karatasi ya mnada wa Japani itakueleza ilivyokuwa ikitoka huko tu. Isome hata hivyo: R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa, W ni bodi iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S na C ni kutu. Linganisha pia kilomita zilizoandikwa pale na zilizo kwenye dashibodi. Tanzania magari ya umri wowote huingia, ila uzee una ushuru wake wa nyongeza. Piga hesabu hiyo kabla hujalipa chochote Japani.

Sasa injini, maana hapo ndipo fedha zinapokwisha. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu amekificha au hakukusikia. Rudi siku nyingine. Ikiwashwa baridi, EJ20, injini ya lita 2 ya STI za Japani, huweza kugonga-gonga kidogo kwa dakika chache kisha ikatulia. Hilo ni la kawaida, pistoni zinacheza kabla hazijapanuka kwa joto. Kinachoua biashara ni mgongo-mgongo mzito wa chuma, yaani mlio wa kugonga, unaobaki au kuongezeka injini ikishapata moto. Panda hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika kisha achia mafuta taratibu: ukisikia kugonga wakati mizunguko inashuka, beringi za koneksheni rodi zimekwisha. Hapo unanunua bodi, si injini.

Sikiliza na eksozi. Watu wengi huitafuta STI kwa sababu ya ule mngurumo wa kubweka-bweka, lakini STI za Japani kuanzia toleo la mwishoni mwa 2002 zina tabo ya twin-scroll (yenye njia mbili za kuingizia moshi) na mabomba ya eksozi yenye urefu sawa, na hazibweki hivyo. Ikibweka, mtu amebadilisha mabomba, na huenda tabo pia. Muulize fundi gani alirekebisha programu ya kompyuta ya injini baada ya hapo. Jibu likiwa “haikuhitaji”, punguza bei au ondoka.

Kompyuta ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani 100, na ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Injini ikianza kupiga noki, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kujilinda. Mtu akiwa ameongeza msukumo wa tabo, ulinzi huo hautoshi, na ile sehemu nyembamba ya pistoni kati ya ringi na ringi hupasuka. Silinda namba 4 ndiyo hulalamika kwanza mara nyingi.

Ushahidi unasomeka. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) na laptopu yenye RomRaider, programu ya bure, utafute thamani ya IAM, namba inayoonyesha kompyuta inaiamini injini kiasi gani kwenye muda wa cheche. Injini yenye afya husoma 1, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikiwa chini, imekuwa ikipiga noki. Ikisoma 0.5 au 8, kwa kompyuta nyingi hiyo ndiyo thamani ya kuanzia baada ya kumbukumbu kufutwa: pengine betri imechomolewa karibuni. Endesha kilomita kadhaa kisha usome tena.

Halafu pima kompresha. Fundi atanung'unika, kwa kuwa plagi za injini hii zimebanwa ubavuni na kuzitoa ni kazi, lakini mlipe. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, umeme wa pampu ya mafuta ukatwe, pedali ikanyagwe mpaka mwisho, betri iwe imejaa. Usishtuke Nairobi ikitoa namba ndogo kuliko Mombasa: kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi na kipimo hushuka asilimia 15 hadi 20. Angalia tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10, omba kipimo cha uvujaji ujue hewa inapitia kwenye ringi, valvu au gasketi. Muuzaji akikubali, fungua pia kichujio cha oili. Tumia kifaa cha kukatia vichujio, si msumeno wa chuma, maana unga wake utakudanganya. Vumbi linalong'aa rangi ya shaba ni beringi.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tenshena, puli zake na pampu ya maji. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Pasipo risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Barabarani, weka gia ya 4 kwenye mizunguko 2,500, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka na mwendo ubaki pale pale, klachi imekwisha. Kwenye uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho uende taratibu kwa duara. Gari likijifunga na kurukaruka, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina tatizo. Angalia matairi yote manne: chapa moja, saizi moja, kuisha kwa kulingana. Mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma huichosha difu hiyo kila kilomita. Mlio wa kuvuma nyuma unaopanda na mwendo ni beringi za magurudumu, kero ya kawaida ya GD. Si sababu ya kuacha gari, ila ni sababu ya kushusha bei.

Kabla ya pesa, Kenya tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina la benki au mkopeshaji likiwa pale, deni limalizwe kwanza. Tanzania hakiki kadi na jina TRA. Pesa zifuate uhamisho, hata muuzaji awe na haraka kiasi gani.

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini, lita 4 na nusu hivi, ya giaboksi ya gia 6 lita 4.1, na ya difu ya nyuma lita 1. Usiguse msukumo wa tabo mpaka kompyuta ipangwe upya kwa petroli utakayokuwa unajaza.